Katapila "linalojiendesha" lina ngazi ngapi?

Kijiweni Hoima, Uganda, pale madereva wa malori na maopereta wa greda wanapongojea roleksi zao, zile chapati za kuviringishwa na mayai, haipiti wiki bila mtu kutoa simu na kuonyesha video ya lori la mgodini likikimbia bila mtu ndani. Ubishi unaanzia hapo, kwa Kiswahili cha barabarani ambacho Mnyoro, Mwacholi na Mkenya wote wanakisikia. Mengi yanayosemwa si kweli.

"Ngazi ni zilezile za magari." Hili ndilo kosa linalozaa mengine. Zile ngazi sita za kujiendesha, kuanzia 0, mtu anafanya yote, hadi 5, mashine inafanya yote, zilitolewa mwaka 2014 na SAE, chama cha wahandisi cha Marekani, katika waraka wa J3016, na waraka wenyewe unahusu magari ya barabarani. Gari kazi yake ni moja: kwenda. Katapila la kijiko laweza kusimama palepale saa nzima na bado likawa kazini, linachimba, linageuka, linapakia. Ukilipima kwa kwenda tu utaandika nini? Ndiyo maana wapo wahandisi wa mashine hizi waliopendekeza zipimwe mara mbili: inatembea yenyewe kwa kiasi gani, na inafanya kazi yenyewe kwa kiasi gani.

Huhitaji kwenda Ulaya kuliona hilo. Mzee mmoja hapa ana greda lenye antena mbili za setilaiti, zimesimama kwenye nguzo juu ya bledi, lile bamba la kusawazisha udongo. Sarveya ameshaingiza ramani ya barabara kwenye kompyuta ya kabini. Ukikaa naye utaona bledi ikipanda na kushuka upana wa kidole, mikono yake haijagusa liva. Lakini usukani ni wake, breki ni yake, na macho ya kumwona bodaboda anayekatiza mbele ni yake. Bledi imepanda ngazi, magurudumu yako sifuri. Greda ni lilelile moja.

"Rimoti ni kujiendesha." Hapana. Ni dereva yuleyule, amehamishiwa kiti. Akiiweka chini aende msalani na mashine ikasimama, basi hakuna kilichojiendesha.

"Ngazi ya 3 ni salama kuliko ya 2, si ni kubwa?" Hizi si maksi za darasani. Namba inasema nani anafanya nini, haisemi nani anafanya vizuri. Katika ngazi ya 2 mashine inasaidia, ila mtu haondoi macho kazini. Katika ya 3 mashine inabeba yote, ila ikikwama inamwita mtu ashike. Sasa mtu aliyekaa tangu asubuhi bila kugusa kitu, jua la saa nane, unamwita ghafla ukingoni mwa tuta laini. Mimi ningechukua ya 2 bila kufikiri mara mbili.

"Lori la ngazi ya 4 likija, litabeba moramu yetu." Malori ya kampuni ya Komatsu yasiyo na dereva yalianza kazi rasmi mwaka 2008 katika mgodi wa Gabriela Mistral, Chile. Yale ya kampuni ya migodi ya Rio Tinto huko Pilbara, Australia, yanasimamiwa na watu walioketi mjini Perth, kama kilomita 1,500 mbali. Si uongo hata kidogo. Ila ngazi ya 4 maana yake ni kujimudu ndani ya mipaka iliyowekwa: eneo lililofungwa, barabara zilizochorwa, na kila gari dogo linaloingia limefungwa kifaa ili mfumo ulione. Mara nyingi hata anayelijaza mawe ni mtu kwenye kijiko. Barabara yetu ya Aprili, yenye tope, ng'ombe, na pikipiki iliyobeba mikungu mitano ya matoke, haimo kwenye mipaka hiyo. Likitolewa mgodini na kuletwa huku, ngazi ya 4 inabaki kulekule.

Ndivyo ilivyo kwa yule mzee pia. Kila jioni anapanda juu ya greda na spana, anazifungua zile antena mbili, anazifungia kwenye kontena, kwa sababu zikilala nje haziamki. Juzi aliyeshika ufunguo wa kontena alichelewa, na mzee akalima mita mia mbili kwa liva, kwa jicho, kama alivyozoea zamani.