Je, wajua kwa nini pumzi hukatika hata baada ya virusi kwisha mwilini?

Mtu aliyelazwa kwa kichomi kikali, yaani nimonia, kilicholetwa na virusi, viwe vya mafua au vya Korona, hurudi nyumbani Kisauni au Changamwe, hapa Mombasa, akiwa na barua ya hospitali inayoonyesha kwamba maambukizi yamekwisha. Wiki chache baadaye huona kwamba kushuka kwenye feri ya Likoni na kupanda ule mwinuko wa kuelekea barabarani kunamlazimu kusimama mara mbili tatu, huku akitweta na kifua kikimbana. Jamaa zake hudhani kwamba ugonjwa umerudi, au kwamba hospitali haikumtibu sawasawa. Ukweli ni kwamba virusi vikiondoka huacha nyuma majeraha, na majeraha hayo yana muda wake na tiba zake.

Ndani ya mapafu ya mtu mzima mna vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kufikia milioni 300 au zaidi, na kuta zake zikitandazwa zingefunika eneo la takriban mita 70 za mraba. Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika vifuko hivyo ni mwembamba mno, hata sehemu moja ya elfu ya milimita haufiki, na ndiyo maana oksijeni huvuka kwa wepesi. Virusi vinapoziua seli za ukuta huo, maji yenye protini huvuja na kuingia ndani ya kifuko, chembe za kinga humiminika, na utando mgumu hujitandika mahali ambapo palipaswa kupita hewa tupu. Zipo seli maalumu ambazo kwa kawaida hutoa ute unaozuia vifuko visisinyae, na seli hizo hizo ndizo hugawanyika ili kujenga ukuta mpya. Zikiwa zimeangamia kwa wingi, ujenzi huchukua wiki nyingi na pengine miezi, na pale ambapo seli zinazotengeneza kovu hutangulia kuliko zinazojenga ukuta, sehemu ya pafu hubaki ngumu.

Tiba ya madhara hayo huanza mgonjwa angali kitandani. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mashine ya kupumulia ikisukuma hewa kidogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaolingana na kimo cha mgonjwa badala ya 12, vifo hupungua kutoka karibu asilimia 40 hadi 31, kwa sababu vifuko vilivyojeruhiwa havitanuliwi kwa nguvu vikajeruhiwa zaidi. Mwaka 2013 utafiti ulioongozwa kutoka Ufaransa ulionyesha kwamba wagonjwa mahututi wanaolazwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo hupona kwa wingi zaidi. Kisha Juni 2020, wiki chache tu baada ya Mji wa Kale wa Mombasa kufungwa kwa ajili ya Korona, Uingereza ilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza uvimbe, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine. Utafiti huo huo haukuona faida yoyote kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni. Jambo hili nalisisitiza kwa uzito, kwa kuwa dawa hiyo hununuliwa dukani na watu wenye kikohozi tu, ilhali hupandisha sukari mwilini na kudhoofisha kinga.

Baada ya kutoka hospitalini, swali la kwanza la daktari wa kifua huwa ni kwa nini pumzi inakatika, maana sababu ni nyingi na hazitibiwi kwa dawa moja. Huenda bakteria wamepata nafasi katika mapafu yaliyochoka, kama ilivyotokea katika homa ya mafua ya 1918, ambayo iliingia Kenya kupitia bandari ya Mombasa: duniani kote, wengi waliokufa wakati huo walikufa kwa kichomi cha bakteria kilichofuata virusi. Hapo antibiotiki zina kazi, lakini haziwezi kuondoa kovu wala kuua virusi. Huenda damu imeganda katika mishipa ya mapafu, hali inayohitaji dawa za kuzuia kuganda kwa miezi kadhaa na ambayo mara nyingi hujitokeza kwa maumivu ya ghafla ya kifua au mguu mmoja kuvimba. Huenda ni kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamshwa, na kwa hiyo mgonjwa anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, anayepungua uzito au kutokwa na jasho usiku hapaswi kuambiwa kwamba ni mabaki ya Korona kabla makohozi yake hayajapimwa. Wengine njia zao za hewa hubaki na wepesi wa kubana, na hao husaidiwa na dawa ya kuvuta. Moyo nao huchunguzwa.

Sababu inayosahaulika zaidi ni misuli. Watafiti wa Toronto, nchini Kanada, waliwafuata kwa miaka mitano watu waliopona baada ya mapafu yao kushindwa kufanya kazi, na matokeo yao yaliyotolewa 2011 yalionyesha kwamba vipimo vya mapafu vilikuwa vimekaribia hali ya kawaida, ilhali umbali ambao watu hao waliweza kutembea kwa dakika sita ulikuwa takriban robo tatu tu ya uliotarajiwa. Mwili uliolala wiki kadhaa hupoteza nyama za mapaja, za mgongo na hata misuli ya kupumulia yenyewe, na misuli dhaifu hudai pumzi nyingi kwa kazi ndogo.

Ndiyo sababu mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia huhesabiwa kuwa tiba kamili. Mgonjwa hukaa kwenye kiti kisicho na mikono, huvishwa kidoleni kifaa kinachoonyesha asilimia ya oksijeni katika damu, kisha huinuka na kuketi kwa dakika moja huku namba ikitazamwa. Ikishuka kwa pointi 3 au zaidi, uchunguzi unaendelea kabla ya mazoezi kuongezwa. Wanawake waliotoka arusini waelewe kwamba piko nyeusi, rangi ya kujipambia, kwenye ncha za vidole, sawa na rangi nzito ya kucha, huweza kuuzuia mwanga wa kifaa hicho na kutoa namba ya uongo, kwa hiyo waombe kupimwa kwenye kidole kisichopakwa au kwenye ndewe ya sikio. Wagonjwa hufundishwa pia kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, na kuinama mbele mikono ikiegemea magoti wanapozidiwa. Namba ikiwa 92 au chini yake mtu akiwa ametulia, midomo ikibadilika rangi, au akikohoa damu, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu makovu yenyewe, habari ni njema kuliko wengi wanavyodhani, kwani picha za kifua za wagonjwa wengi huendelea kusafika katika mwaka wa kwanza. Wale ambao bado wana uvimbe ndani ya mapafu hupewa prednisoloni, nayo ni steroidi, kwa uangalifu, na utafiti wa India wa 2022 uliona kwamba kuanza na miligramu 40 hakukuwa bora kuliko miligramu 10. Dawa za kuzuia kovu zinazotumika kwa magonjwa mengine ya mapafu hazijawa tiba ya kawaida kwa makovu haya. Kujifukiza kwa mwarobaini huweza kulegeza mafua, lakini mvuke hauwezi kujenga kifuko cha hewa, na sufuria ya maji ya moto imewaunguza watu.

Wachache ambao oksijeni yao hubaki 88 au chini wakiwa wametulia hupewa mashine ya oksijeni ya nyumbani, kisha hupimwa upya baada ya miezi miwili mitatu, kwa sababu wapo wasioihitaji tena. Nyumba yenye mashine hiyo iwe na mtungi wa akiba kwa ajili ya siku stima inapopotea, na jiko la makaa, sigara, shisha na chetezo cha ubani vikae mbali kabisa na chumba cha mgonjwa, kwa kuwa oksijeni huuchochea moto na moshi huyajeruhi upya mapafu yanayojijenga.