Chanjo ya mRNA na ya protini: nani anashona shati?

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi tangu nianze kazi ya chanjo ni hili: ipi bora, ya mRNA au ya protini? Mimi huanzia kwa fundi cherehani. Chanjo ya protini ni shati lililokwisha kushonwa kiwandani. Ya mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini) inapeleka vipimo tu, na fundi ni seli zako mwenyewe: zinavisoma, zinashona kipande cha protini ya kirusi, mfumo wa kinga unakikariri. Karatasi ya vipimo huchakaa ndani ya siku chache. Haiingii kwenye kiini cha seli, basi haigusi vinasaba vyako.

Kuandika vipimo ni haraka kuliko kushona. Ramani ya vinasaba vya kirusi cha korona ilitangazwa Januari 2020. Tarehe 16 Machi mtu wa kwanza akachomwa chanjo ya majaribio ya kampuni ya Moderna, ya mRNA. Kampuni ya Novavax, waliofuata njia ya protini, walipata kibali cha dharura cha Shirika la Afya Duniani (WHO) Desemba 2021, takriban mwaka mmoja nyuma ya Pfizer, wenye chanjo ya mRNA.

Protini lazima ikuzwe kwenye seli hai, na hapo pana jambo linalonichekesha kila siku. Seli za Novavax zina asili ya kiwavijeshi vamizi, huyo huyo anayemaliza mahindi yetu shambani! (Tulia: protini huchujwa, hakuna kiwavi kwenye kichupa.) Lakini protini safi peke yake ni kama mgeni asiyebisha hodi, kinga haishtuki sana. Ndiyo maana huongezewa kichochezi, Matrix-M, kinachotoka kwenye magome ya mti wa Chile, Quillaja saponaria. Kichochezi hicho kimo pia kwenye R21, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na WHO mwaka 2023. Kwa mRNA, vitone vya mafuta vinavyoibeba huiamsha kinga vyenyewe.

Halafu kuna jokofu. Pfizer ya mwanzo ilihifadhiwa kwenye nyuzi 60 hadi 90 chini ya sifuri. Ya protini hukaa miezi kadhaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, jokofu la zahanati yoyote. Mlipuko mpya ukizuka kesho, nitaomba mRNA. Kwa kliniki ya watoto kijijini, nipe protini.

Wala si ngeni: mtoto aliyechomwa penta (chanjo ya magonjwa matano) katika wiki ya 6, 10 na 14 ameshapata protini ya homa ya ini B, iliyokuzwa kwenye seli za hamira.