Mche huuawa Machi, hufa Agosti

Ikifika Agosti, simu ninazopokea zinafanana: "Bwana shamba, mwembe nilioupanda masika umekauka, na maji namwagia kila siku." Nikifika huwa nauchimbua. Mara nyingi mizizi hutoka na umbo lile lile la kiriba, yaani mfuko wa nailoni mche ulimooteshwa, duara kamili, imejizungusha kama kamba kwenye ndoo. Miezi yote hiyo ardhini, na hakuna mzizi uliovuka kuingia kwenye udongo wa uwanja. Mvua ndiyo iliyokuwa ikiulisha, nayo imekatika.

Kwa hiyo masika ni muda wa kuitoa mizizi kwenye umbo la kiriba, kazi nyingine zote ni za kusaidia hilo. Huku Dar es Salaam na Pwani tuna vuli na masika, nami miti ya matunda naipanda masika. Mche wa vuli hujikuta kwenye jua kali la Januari na Februari ukiwa bado mchanga. Wa masika, mvua zikiisha Mei, hupokewa na ubaridi wa Juni na Julai.

Shimo lichimbwe Februari, futi mbili kila upande na futi mbili kwenda chini. Udongo wa juu uweke upande wake, kisha uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudishe shimoni na uache mvua za kwanza ziushindilie. Ukifukia na kupanda siku hiyo hiyo, udongo utatitia na mche utazama nao, maji yatuame shingoni. Samadi mbichi usiiguse: huunguza mizizi na kuita mchwa.

Kitaluni watu hukimbilia mche mrefu. Mimi nachukua mfupi, mnene, wenye majani yaliyokomaa. Inua kiriba uangalie chini: ukiona mzizi mnene umetoboa na kuingia ardhini, mche huo umekaa hapo kupita kiasi. Na kwa joto la Dar, usishawishike na parachichi aina ya Hass kwa sababu tu ndilo linalotajwa sana. Hilo ni la nyanda za baridi kama Njombe na Rungwe.

Panda jioni. Loanisha kiriba kwanza, kisha kwa wembe kata kitako chake, kama sentimita mbili, udongo na mizizi iliyojikunja humo viende pamoja. Chana ubavu, toa nailoni yote. Mizizi iliyozunguka pembeni ifungue kwa vidole, iliyokakamaa ikate. Wengi hapa mkono unawatetemeka, lakini mzizi uliozoea kuzunguka utaendelea kuzunguka hata ndani ya shimo zuri, na mti ukikua unaweza kujinyonga wenyewe. Usawa wa udongo uwe ule ule uliokuwa kwenye kiriba, na pale mche ulipobebeshwa, yaani tawi la aina bora lilipounganishwa na shina la chini, pabaki juu, mbali na ardhi. Ile nailoni ya kubebeshea kama bado ipo, na pameshika vizuri, ikate. Penye mfinyanzi unaotuamisha maji, panda juu ya tuta pana, hasa parachichi. Mizizi yake huoza upesi.

Matandazo ya nyasi yasaidie kushika unyevu, ila yaache kiganja kizima kutoka kwenye shina. Kijiti cha kuuegemeza mche dhidi ya upepo wa kusi kifungwe shinani kwa kitambaa, kilegee kidogo ili shina licheze na kunenepa.

Mvua zikikatika, acha kunyunyiza kila siku. Kikombe cha maji cha kila jioni hulowanisha juu tu, na mizizi hubaki juu ikisubiri. Lita 20 kwa mara moja, polepole, mara moja au mbili kwa wiki kulingana na udongo wako, tena zimwagwe kwenye duara la nje ya shina. Kila wiki unavyosogeza duara hilo nje kidogo, mizizi nayo inafuata.

Machipukizi yanayoota chini ya pale ulipobebeshwa yang'oe yakiwa laini. Hayo ni ya mwembe wa shina la chini, na ukiyaacha yatalizidi nguvu tawi la embe aina ya Apple au Kent ulilolipia. Maua ya mwaka wa kwanza nayo yakate, hata kama watoto wameshaanza kugawana maembe.