Krosova ya sabufa haiongezi besi
Sebule nyingi hapa Dodoma, Area C hadi Nkuhungu, krosova ya sabufa imezungushwa hadi mwisho, eti ndipo besi inoge. Sivyo. Kazi ya kitufe hiki ni kuamua sabufa iishie kwenye hezi ngapi (kipimo cha uzito wa sauti; namba ndogo ni sauti nzito) na spika ndogo zipokee wapi. Sauti ya mwanamume huanzia karibu na hezi 85. Ukiiacha krosova kwenye 150, mtangazaji wa taarifa ya habari anasikika kama anaongelea chini ya meza, kwenye kona ilipo sabufa. Inaudhi kweli. Spika nyingi za inchi 4 au 5 huishiwa nguvu chini ya hezi 70 hivi. Basi anzia 80 hadi 100, cheza wimbo wenye gitaa la besi, upandishe sauti ya sabufa taratibu. Besi ikipwaya, geuza swichi ya fezi, ile inayolinganisha mtetemo wa sabufa na wa spika ndogo.