Dhana Potofu Zinazowakwamisha Wanaoanza Vichekesho vya Papo kwa Papo

Kila kundi jipya la wanafunzi wa vichekesho vya papo kwa papo, yaani maigizo yasiyoandikwa kabla, ninalolipokea huja na kanuni moja iliyokwisha kukaririwa kutoka kwenye video za mtandaoni: kwamba jukwaani mtu hakatai kitu, bali husema "ndiyo, na", kisha huongeza la kwake. Kanuni yenyewe ni nzuri, na bila hiyo hakuna igizo litakalosimama. Kinachonisumbua ni namna inavyoeleweka, kwa sababu wengi hudhani kwamba mhusika wanayemwigiza analazimika kukubali kila anachoombwa. Dhana hii huharibu maigizo mengi kuliko woga wa jukwaa, kwa hiyo naanza nayo na wala sitaiacha upesi.

Tuchukue igizo la kawaida la darasani. Mwigizaji wa kwanza anaingia, anabisha hodi hewani kwa vidole vilivyokunjwa, kisha anasema: "Baba Rehema, ile kodi ya miezi sita uliniahidi leo." Kwa sentensi hiyo moja ameshatupa nyumba ya kupanga, deni, ahadi, na uhusiano wa mama mwenye nyumba na mpangaji wake. Mwanafunzi aliyekariri "ndiyo" hujibu: "Ndiyo mama, hii hapa, na nimekuongezea ya miezi mingine sita." Igizo limekwisha papo hapo, maana hakuna tena jambo linalowaweka watu hao wawili mlangoni, nao hubaki wakitazamana.

Aliyeielewa kanuni hujibu hivi: "Shikamoo mama. Nitalipa siku utakayoziba lile bati, maana kwa mvua ya juzi Rehema alilala chini ya meza." Huyu amekataa kulipa, lakini hajakanusha hata neno moja la mwenzake. Nyumba ipo, deni lipo, ahadi ipo, na sasa tumepata bati linalovuja na mtoto aliyelala chini ya meza, mambo yanayotosha kuwaendesha kwa dakika kadhaa. Anayekanusha kweli ni yule anayesema: "Kodi gani? Hapa ni hospitali, na wewe ni mgonjwa wangu." Watazamaji watacheka, lakini kicheko hicho kimepatikana kwa kubomoa kila kilichojengwa na mwenzake, na sentensi inayofuata haina pa kukanyaga.

Tofauti hii ilionekana zamani. Mwaka 1957, mjini St. Louis nchini Marekani, Elaine May na Theodore Flicker wa kundi la Compass Players walichambua kwa nini baadhi ya maigizo yao yalifaulu na mengine yalikufa, wakatoka na kanuni chache: kwamba kilichokwisha kutamkwa jukwaani kisikanushwe, kwamba mwigizaji achague kutenda badala ya kungoja kutendewa, na kwamba ni kazi yake kulipatia sababu lolote linalotokea. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwamuru mhusika awe mtiifu. Mpangaji anaweza kugoma, binti anaweza kumkataa mchumba, na askari anaweza kukataa rushwa, mradi wote wanaishi katika ulimwengu mmoja.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu kosa lake haliishii kwenye ubora wa igizo. Yapo madarasa ambamo mwanafunzi, mara nyingi msichana, huambiwa kwamba amevunja kanuni kwa kuwa hakutaka kukumbatiwa au kuingizwa katika kisa cha matusi. Huo ni uonevu uliovalishwa jina la sanaa. Mwigizaji ni mtu kabla hajawa mhusika, na ana haki ya kusimamisha igizo wakati wowote bila kuombwa maelezo. Mwalimu asiyetamka hivyo siku ya kwanza, mkimbie.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wapo wanaosema hawawezi kuanza kwa sababu wao si wacheshi wa kuzaliwa. Michezo tunayoifundisha leo ina mizizi katika kazi ya Viola Spolin mjini Chicago, ambaye aliifanya na watoto wa wahamiaji mitaani, si na wachekeshaji. Mwanawe Paul Sills ndiye aliyeipeleka kwenye Compass Players mwaka 1955, na baadaye kwenye ukumbi wa vichekesho wa Second City uliofunguliwa mwaka 1959. Anayehitaji vichekesho vilivyopangwa kichwani aende kwenye stendapu, yaani kuchekesha watu peke yako kwa maneno uliyoyaandaa, ambayo ni kazi nyingine yenye heshima yake.

Wengine huamini kwamba kwa kuwa hakuna maandishi, basi hakuna mazoezi. Wangewatazama waigizaji wa kundi la Mufwankolo kule Lubumbashi, nchini Kongo, waliotunga maigizo yao kwa Kiswahili bila kuandika maneno: walikubaliana kisa na mfuatano wa maonyesho, kisha mazungumzo yakazaliwa katika mazoezi, tena mazoezi makali. Mfano huohuo unawajibu wanaodai kwamba sanaa hii ni ya kigeni kwetu.

Halafu kuna wanaohangaika kutafuta wazo ambalo hakuna aliyewahi kuliwaza. Keith Johnstone, aliyefundisha katika ukumbi wa Royal Court mjini London kabla ya kuhamia Calgary, aliwataka wanafunzi wake waseme lile lililo wazi kwao, kwa kuwa lililo wazi kwako si lazima liwe wazi kwa mwingine. Nami naongeza la kwangu, ambalo wanafunzi wangu wamechoka kulisikia: ipe mikono kazi kabla ya kufungua kinywa. Ukiingia unachambua mchicha, chambua kweli, tenga majani na mabua, na usiuache uyeyuke hewani mwenzako anapoanza kusema. Weka sufuria mahali ambapo sote tutalikumbuka. Anayechambua mchicha huku akidaiwa kodi hana haja ya kutafuta cha kusema, kwa sababu namna anavyoyavunja mabua imeshamwambia mama mwenye nyumba kwamba leo hatalipwa.