Picha ya pasipoti huharibikia mezani

Mtu akiingia steshenari yoyote ya Makoroboi au Igoma, hapa Mwanza, na kusema "nipige pasipoti saizi", bado hajasema kitu. Huku kwetu jina hilo limeshakuwa la kila picha ndogo: ya fomu ya shule, ya kikundi cha kukopeshana, ya barua ya kuomba kazi. Fundi anayejua kazi yake anauliza kwanza: hati gani, ya nchi gani? Asipouliza, muulizeni nyinyi kama anajua anachopima.

Ombi la pasipoti ya Tanzania linataka nyuma, yaani kitambaa au ukuta ulio nyuma ya mtu, iwe ya bluu iliyopauka, na kipimo chake kisomwe kwenye maelekezo ya fomu siku ileile unayojaza. Marekani wanataka mraba wa milimita 51 kwa 51, nyuma nyeupe. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya, ni 35 kwa 45, nyuma ya rangi nyepesi isiyo na maua wala mistari. Kijivu cheupe ndicho salama kuliko vyote. Viza ya China, ambayo wafanyabiashara wa hapa mjini wanaihitaji sana, ni 33 kwa 48, nyuma nyeupe. Kanada, kwa pasipoti na ukaazi wa kudumu, ni 50 kwa 70. Studio yenye vitambaa vitatu, cheupe, cha kijivu na cha bluu, vyote vimepigwa pasi na havimeremeti, inaweza kuhudumia karibu kila mteja.

Lakini ukubwa wa karatasi ni nusu tu ya kipimo. Uso nao unapimwa, kutoka ncha ya kidevu hadi utosini. Schengen: milimita 32 hadi 36. Marekani: 25 hadi 35. Kanada: 31 hadi 36. Hebu tazama hiyo ya Kanada vizuri. Karatasi yao ni ndefu kwa milimita 25 kuliko ya Schengen, ila uso ni karibu uleule. Fundi akichukua picha ya Schengen yenye uso wa milimita 34 akaivuta ifike 70, uso unakuwa karibu 53, na hapo hakuna mkasi wa kuiokoa kwa sababu mabega hayamo kwenye faili.

Kwa hiyo piga kwa upana. Mteja aonekane kuanzia katikati ya kifua, na juu ya kichwa ibaki nafasi ya kutosha. Kukata ni kazi ya kompyuta. Ukichapa kwa nukta 300 kwa inchi, milimita moja ni pikseli (yaani nukta) 11.8. Picha ya 35 kwa 45 inakuwa pikseli 413 kwa 531. Ya Marekani inakuwa 600 kwa 600. Uso wa milimita 33 ni pikseli 390. Chora mistari miwili ya kuongozea kwenye programu yako, mmoja wa kidevu na mmoja wa utosi, uihifadhi kama kiolezo kwa kila nchi. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta picha za uso uliojaa fremu kama wa bango la mgombea.

Kamera ikae usawa wa macho ya mteja, umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Ukisogea karibu, hasa kwa simu, pua inakua na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Ndiyo maana selfi haifai hata ikiwa kali namna gani. Kwa simu tumia lenzi ya kukuza mara 2, kisha rudi nyuma.

Mwanga ndio unaosumbua wengi, na kwa ngozi zetu sababu yake iko wazi. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Ikiona kitambaa cheupe kimejaa pande zote inaamini kuna mwanga mwingi, inajibana, na uso mweusi unatoka kama kivuli. Macho hayatofautiani na nyusi. Dawa ni kuongeza mwanga makusudi: kwenye kamera panda thuluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga cha kamera) hadi stopu moja, kwenye simu gusa uso, shikilia kidole mpaka ijifunge, kisha telezesha juu. Ishia pale ambapo vinyweleo vya nyusi vinaonekana na paji bado lina rangi yake. Wengi hawafanyi hivi. Wanaacha picha itoke giza, halafu wanaipausha baadaye kwenye kompyuta, na ngozi inageuka majivu.

Joto la ziwani linaleta jambo la pili: jasho. Paji, pua na mashavu hung'aa, na flashi ya moja kwa moja inaacha madoa meupe ambayo mashine ya kusoma uso inayahesabu kama dosari. Mpe mteja tishu akaushe uso, asubiri dakika mbili mbele ya feni. Poda usimpe. Poda isiyolingana na ngozi yake haionekani kwa macho lakini flashi inaifichua, shingo inakuwa ya mtu mmoja na uso wa mwingine. Taa mbili zenye mwamvuli au softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga), moja kila upande kwa nyuzi 45, zinatosha. Taa ya duara peke yake naiona ya video. Inaacha pete ndani ya mboni.

Kivuli nyuma ya kichwa kinatokana na kitu kimoja: mteja kuegemea kitambaa. Msogeze mbele mita moja au zaidi. Kivuli cha chini ya kidevu nacho kinaondoka ukimpa ashike kipande cha karatasi nyeupe ngumu usawa wa kifua, chini ya pale picha itakapokatwa.

Umeme ukikatika, toka nje lakini usiende juani. Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini na macho yanabaki mashimo mawili. Tafuta kibaraza chenye kivuli kinachotazama uwazi. Angalia paa: ukimweka mtu chini ya turubai la bluu atatoka wa bluu, na ukuta wa kibanda uliopakwa nyekundu au kijani ulio karibu utarusha rangi yake shavuni.

Mambo ya kichwani ni mepesi ukiyajua. Miwani ivuliwe, Marekani waliipiga marufuku tangu tarehe 1 Novemba 2016, na hata kwingine inakokubaliwa mwako wa kioo unatosha kuleta kukataliwa. Mdomo ufungwe, macho yatazame lenzi. "Mama, shusha kidevu kidogo" inasaidia kuliko "tulia", kwa kuwa mtu akiambiwa atulie huinua kichwa. Hijabu na vilemba vya dini vinakubaliwa, ila uso uonekane kuanzia kidevu hadi juu ya paji, na mashavu yote mawili, bila kivuli cha ukingo wa kitambaa. Mtandio mweupe kwenye nyuma nyeupe unayeyuka na kichwa kinakosa mpaka. Weka mtandio wa rangi nyingine dukani kwa ajili ya hilo. Nywele zilizofungwa juu kama mnara zishushwe kisogoni. Kwa picha ya kidijitali ya Marekani nywele zinahesabiwa kwenye urefu wa kichwa, ambao uwe kati ya asilimia 50 na 69 ya picha, hivyo mnara unaulazimisha uso kuwa mdogo.

Mtoto mchanga mlaze kwenye shuka jeupe lililonyooshwa, mpige kutoka juu, na ujihadhari kivuli chako kisimwangukie. Chuchu ya bandia, mwanasesere na mkono wa mama visionekane.

Sasa tufike mezani, kwenye kompyuta. Mafundi wengi wa hapa tumezoea kumpendezesha mteja: madoa yanafutwa, ngozi inalainishwa, rangi inapandishwa, na shati la mtu wa Kirumba linavikwa koti na tai vya kubandika. Kwa picha ya sebuleni, sawa. Kwa hati ya kusafiria ni kumharibia. Tanzania ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki mwaka 2018, na uso wa mwenyewe umehifadhiwa ndani ya chipu ili mashine mpakani iulinganishe na aliyesimama mbele yake. Kovu, ndui na baka la kuzaliwa viache palepale. Koti la kubandika hujifichua shingoni, kwenye ule ukingo mkali usio na kivuli. Nyuma iliyobadilishwa kwa programu hujifichua kwenye nywele na masikio, ambako vipande vimeliwa. Tena simu nyingi huwasha kilainishi cha ngozi zenyewe. Kizime kabla ya kupiga, maana baada ya hapo hakitoki.

Kuchapa picha nako kuna mtego wake. Printa ikiwekwa kwenye hali ya "bila ukingo" hukuza picha kidogo ili wino ufike mwisho wa karatasi, na uso wako wa milimita 35 unapita mpaka bila wewe kujua. Chora mstari wa milimita 50 kwenye faili, uchape, uupime kwa rula. Ukitoka 51, chapa na ukingo au punguza kiasi hicho. Karatasi ya inchi 4 kwa 6 inabeba picha 8 za 35 kwa 45. Za mraba wa Marekani weka 4 tu ili kisu kipate nafasi. Kata kwa mashine ya kukatia, acha mkasi. Wino ukauke kabla ya kurundika, hasa masika, na pini ya stepla isiguse uso. Picha ya pasipoti ya Kanada inataka mgongoni mwa karatasi jina na anuani ya studio pamoja na tarehe ya kupigwa.

Kwa maombi ya mtandaoni, Marekani hupokea JPEG ya mraba, pikseli 600 hadi 1200 kila upande, isiyozidi kilobaiti 240. Watu huchanganya pikseli na kilobaiti: faili likiwa zito wanapunguza picha ifike 200 kwa 200, inakataliwa kwa udogo. Acha 600, punguza ubora wa JPEG hadi 80 au 85. Baadhi ya simu huhifadhi kwa HEIC, aina nyingine ya faili la picha. Kubadilisha herufi za mwisho za jina la faili hakulibadilishi faili lenyewe, lifungue na ulihifadhi upya kama JPEG. Na wanaocheza bahati nasibu ya Green Card wasirudishe picha ya mwaka jana. Picha isizidi miezi 6, na kurudia ileile kunaweza kuliondoa ombi zima.

Mpe mteja faili pana lisilokatwa pamoja na zile zilizokatwa. Kwa WhatsApp litume kama dokumenti. Likienda kama picha ya kawaida linabanwa na kupoteza pikseli. Balozi nyingi ziko Dar es Salaam. Mteja aliyetoka Nansio kwa meli, akapanda basi Nyegezi, akaambiwa dirishani kwamba uso ni mkubwa mno, akiwa na faili hilo kwenye simu atakatiwa upya na studio yoyote ya jirani bila kupigwa tena.