Bwawa la Vajont halikupasuka

Ukitaja Vajont, kaskazini mwa Italia, wengi husema bwawa lilipasuka. Halikupasuka. Ukuta wake, wenye kimo cha mita zipatazo 260, umesimama mpaka leo. Usiku wa Oktoba 9, 1963, ubavu wa mlima Toc uliporomokea ziwani, takriban mita za ujazo milioni 260 za miamba na udongo. Maji yakaruka juu ya ukuta, yakaufagia mji wa Longarone na vijiji jirani. Walikufa watu karibu 2,000.

Basi tuulaumu mlima? Wenyeji waliujua, walisema unatembea. Mwaka 1959 mwanajiolojia Edoardo Semenza, mtoto wa mhandisi aliyelisanifu bwawa lenyewe (baba alionywa na mwanawe, tuseme), alikuta pale dalili za poromoko la kale. Novemba 1960 kipande cha mlima kikaanguka, na ufa wa kilomita mbili ukajichora ubavuni. Hata hivyo, baadaye ziwa likajazwa tena, juu zaidi. Mwandishi wa habari Tina Merlin, aliyechapisha hofu za watu wa Erto, kijiji kilicho karibu na ziwa hilo, alishtakiwa kwa kueneza habari za uongo. Mahakama ilimwachia huru mwaka 1960.